Kasi ya Pigo na Heshima ya Mwendo

Michezo ya video ya kuvaa uhusika, yaani ile ambayo mchezaji hushika nafasi ya shujaa, humkuza hatua kwa hatua na kumpitisha katika nchi za kubuni zenye wachawi na mazimwi, husifiwa mara nyingi kwa ukubwa wa ulimwengu wake na urefu wa hadithi zake, ilhali kazi ngumu kuliko zote ndani yake hufanyika katika muda usiofikia sekunde moja. Kazi hiyo ni uhuishaji wa mapigano, ambao ni ufundi wa kupanga picha tuli zifuatane hata jicho lione mkono ukiinuka, upanga ukishuka na adui akiyumba. Kasi ya mapigano hayo haitokani na wingi wa mapigo, bali na namna muda ulivyogawanywa ndani ya kila pigo. Na watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura kupita Kabezi hadi Rumonge nchini Burundi, wanacho kipimo chao wenyewe cha kuutambua ufundi huu, nacho ni ngoma.

Picha moja katika mfuatano huo huitwa fremu. Filamu za sinema kwa desturi huonyesha fremu 24 kwa sekunde, na michezo mingi ya kisasa hulenga 60, kiasi kwamba kila fremu hukaa mbele ya macho kwa takriban milisekunde 17 tu. Ndani ya kipimo hicho kidogo pigo hugawanywa sehemu tatu: maandalizi, ambapo mwili hujikunja na silaha hurudishwa nyuma, mguso, ambapo silaha humfikia adui, na marejeo, ambapo mpiganaji hurudisha mizani yake kabla ya kutenda jambo jingine. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney waliochapisha mwaka 1981 kitabu chenye kanuni kumi na mbili za uhuishaji, waliyahesabu maandalizi kuwa mojawapo ya kanuni hizo, kwa kuwa mtazamaji asiyeashiriwa kwamba jambo linakuja hulikosa linapofika. Katika filamu kanuni hiyo haina mpinzani, lakini katika mchezo hukabiliana na haki ya mtu aliyebonyeza kitufe na anayetaka kuona matokeo papo hapo. Kila fremu inayoongezwa kwenye maandalizi hulipa pigo uzito na humpunguzia mchezaji wepesi; kila inayoondolewa humpa wepesi na kulifanya pigo lionekane kama karatasi inayopeperushwa. Mafundi stadi hulitatua tatizo hilo kwa kumpa shujaa maandalizi mafupi na marejeo marefu, ilhali adui hupewa maandalizi marefu yanayosomeka, ili mchezaji aone hatari ikikusanyika na apate nafasi ya kukwepa.

Ipo mbinu nyingine inayostahili kusifiwa zaidi kwa sababu inakwenda kinyume na matarajio. Silaha inapogusa mwili, picha husimamishwa kwa fremu chache, mpigaji na adui wote wawili wakiwa wameganda, kisha mwendo huendelea. Mchezaji hatambui kwamba muda umesimama. Anachohisi ni kwamba chuma kimekutana na kitu kigumu. Kusimama huko kukiondolewa, pigo lilelile, lenye mchoro uleule na sauti ileile, hupita katikati ya adui kana kwamba ni moshi. Hapa ndipo siri ya ufundi wote inapodhihirika: nguvu huonyeshwa kwa kusita, na kasi huhisiwa kwa sababu imewekewa kitu cha kupishana nacho.

Historia ya michezo hii ni historia ya kulitafuta jambo hilo kwa vifaa vilivyokuwapo. Dragon Quest, iliyotoka Japani mwaka 1986, ilipigana kwa zamu: mchezaji huchagua amri, husubiri, kisha adui naye hutenda, na picha ya adui haikusogea kabisa, kwa maana mashine za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo. Mwaka 1991 Final Fantasy IV ilileta utaratibu uliosanifiwa na Hiroyuki Ito, ambamo kila mpiganaji hupata zamu yake kadiri ya wepesi wake na muda hauwasubiri wanaositasita, hivyo kasi ikawa sehemu ya tabia ya mhusika. Mwaka 1995 Tales of Phantasia ilikwenda mbele zaidi kwa kumwacha mchezaji amwongoze shujaa moja kwa moja, akikimbia na kupiga bila zamu yoyote. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilileta maonyesho marefu ya viumbe wanaoitwa kusaidia vitani, ambayo yalistaajabisha yalipoonekana mara ya kwanza na kuchosha yaliporudiwa bila mabadiliko. Si ajabu kwamba toleo la Final Fantasy XII la mwaka 2017 liliwekewa uwezo wa kuharakisha mchezo mara mbili au mara nne. Uwezo huo ni msaada mwema kwa mtu mwenye muda mchache, lakini ni ushahidi pia kwamba mwendo usiomdai mchezaji chochote hugeuka kuwa kungoja tu.

Jibu lenye nguvu zaidi kwa tatizo hilo lilitolewa na Dark Souls, mchezo wa mwaka 2011, ambao ulithubutu kuukumbatia ule mwendo wa pole ambao wengi waliukimbia. Humo, mchezaji akishaamuru upanga mzito ushuke hawezi kuirudisha amri yake. Hulazimika kuuishi mwendo wote hadi marejeo yaishe, huku nguvu za mwili wa shujaa zikipungua kwa kila tendo. Kwa kuwa kila uamuzi una gharama ya muda, pigo moja lililokuja mahali pake huleta furaha kubwa kuliko mapigo ishirini yaliyomiminwa ovyo. Mchezo wa pole unaweza, kwa hiyo, kuwa na msisimko mkali kuliko mchezo wa mbio.

Kanuni hii si ngeni kwa mtu aliyekulia Kabezi, ambaye ameziona ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Wapigaji, ambao hesabu yao haigawanyiki kwa mbili, husimama nusu duara wakiizunguka ngoma ya katikati iitwayo inkiranya. Ngoma za amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na za ibishikizo hufuata mapigo yanayoamriwa na ile ya katikati. Mcheza ngoma anayetoka mbele hujikunja, huinua magoti, huruka juu huku mikono ikiwa imetandazwa, na hukaa hewani kwa muda unaoonekana mrefu kuliko ulivyo, kisha fimbo hushuka pamoja na mwili mzima. Maandalizi, mguso na marejeo vyote vimo, navyo vinasomeka hata na mtazamaji aliye mbali uwanjani, kwa sababu mdundo wa amashakwe umekwisha kumpa kipimo cha kutambua nini ni haraka na nini ni taratibu. Uhuishaji bora hufanya vivyo hivyo: huweka mdundo wa kudumu, kisha huuvunja mahali panapostahili.

Waafrika wameshaanza kuuingiza urithi wa namna hiyo katika michezo. Kiro'o Games ya Yaoundé, nchini Kamerun, ilitoa mwaka 2016 mchezo wa kuvaa uhusika uitwao Aurion: Legacy of the Kori-Odan, unaomhusu mwanamfalme Enzo aliyepinduliwa siku ya kutawazwa kwake, ambaye nguvu zake vitani hutokana na urithi wa mababu. Mapigano yake, yenye undugu na katuni za Japani, yamechorwa kwa upande mmoja bila kina cha pande tatu, nayo yanathibitisha kwamba kikundi kidogo chenye penseli na subira kinaweza kuijenga kasi yake chenyewe. Miaka minane baadaye, Aprili 2024, Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliongoza studio yake ya Surgent kutoa Tales of Kenzera: ZAU, mchezo wa matukio unaopakana na aina hii ya michezo na unaoweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Salim aliutunga kutokana na msiba wa baba yake, na shujaa wake, mganga kijana Zau, hufanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba. Zau hupigana kwa vinyago viwili: cha Jua, kinachomsogeza karibu na adui kwa mapigo ya moto, na cha Mwezi, kinachomwezesha kurusha silaha kutoka mbali. Uhuishaji wa kila kinyago una mwendo wake, na mchezaji anapovibadilisha katikati ya pambano hubadilisha pia mdundo wa mwili, hata vita vikafanana na dansi ya mtu anayeibeba huzuni yake kwa miguu. Huzuni hiyo ingeweza kuelezwa kwa maneno matupu. Kuielekeza kwenye magoti, mabega na viganja ndiyo heshima ambayo ufundi huu humpa mwanadamu.

Kwa sababu hizo, wanaohukumu mapigano ya mchezo kwa kuuliza tu kama ni ya haraka au ya pole huliacha swali lenyewe pembeni. Yafaa waulize kama pigo linasomeka, kama mwendo unamtambulisha anayeutenda, na kama muda unaotumika unamdai mchezaji uamuzi. Mwambao wa Ziwa Tanganyika hauhitaji kusubiri mashine za bei kubwa ili kuwa na neno katika mazungumzo hayo, maana sehemu ngumu ya ufundi, ambayo ni kujua mwili unapaswa kusita wapi na kwa muda gani, tayari imo miguuni mwa wapiga ngoma. Kijana wa Kabezi au Rumonge anayejifunza kuchora fremu kwa fremu na awatazame hao kwanza, ahesabu muda wao, na auchore kwa uaminifu. Akifanya hivyo atakuwa ameanza mahali ambapo mafundi wengi hufika baada ya miaka ya kazi.