Giza Bila Jirani: Uhakiki wa Amnesia kwa Mtazamo wa Kamenge
Katika Amnesia: The Dark Descent (2010), mchezo wa kompyuta wa kutisha uliobuniwa na studio huru ya Frictional Games ya Uswidi, mhusika Daniel hana silaha. Giza humficha asionwe na mazimwi, lakini humvuruga akili. Ukinzani huo unaeleweka wazi Kamenge, mtaa wa Bujumbura ulioumizwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993. Kasoro ya mchezo ni upweke: Daniel hujinusuru bila jirani. Kinyume chake, Centre Jeunes Kamenge, iliyotunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002, iliwakutanisha vijana Wahutu na Watutsi. Kwa hiyo, mchezo utakaotungwa kwa ajili ya vituo vya vijana uidumishe hofu hiyo, ila umpe mchezaji jirani wa kuokoana naye.