Gemu Haiuzwi kwa Kilo

Mwezi uliopita nilifanya ujinga. Nilinunua gemu ya kompyuta kwa sababu ilikuwa kubwa. Sisemi nzuri, nasema kubwa: gigabaiti tisini na ushee. Mshikaji wangu wa kijiweni ndiye aliyenitia hamasa. "Mwanangu, giga tisini haziwezi kuwa takataka." Nikaamini. Bando likateketea, nikanunua jingine, na usiku wa tatu ndipo ikamaliza kushuka. Baada ya saa mbili nilikuwa napiga miayo. Majani ya miti unayaona mpaka mishipa yake, lakini watu wake hawana la kusema. Wananituma nikaokote vitu. Nikirudi, wananituma tena.

Hii imani kwamba faili kubwa ndiyo gemu bora haikutoka hewani. Enzi za kaseti za Nintendo, gemu ilikaa ndani ya chipu, na chipu ilikuwa ghali. Gemu kubwa ilidai chipu kubwa, na mnunuzi alilipia. Kisha mwaka 1994, kule Japani, ikatoka PlayStation na CD zake. Sahani moja ilibeba megabaiti 650 hivi, na kuichapa kulikuwa rahisi mno kuliko kutengeneza chipu. Hapo undugu wa bei na ukubwa ukavunjika. Super Mario 64 ya mwaka 1996 ilienea kwenye kaseti ya megabaiti 8. Final Fantasy VII, mwaka mmoja baadaye, ilijaza CD tatu, nafasi kubwa ikiliwa na vipande vya video. Zote mbili zinasifiwa hadi leo, na hakuna anayezipima kwa CD.

Kuna vituko zaidi. Titanfall ya mwaka 2014 ilichukua gigabaiti 48 kwenye kompyuta, na 35 kati ya hizo zilikuwa sauti tupu. Hawakuzibana, ili mashine dhaifu zisihangaike kuzifungua katikati ya mchezo. Sababu ya kifundi, sikatai. Lakini kwetu giga ni bei ya pili: unalipa dukani, halafu unalipa tena kwenye bando.

Sasa chukua Stardew Valley ya mwaka 2016. Mmarekani mmoja, Eric Barone, aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne: programu, michoro, muziki, maneno. Haifiki giga moja. Ilitoka kwa dola 14.99, wakati gemu nyingi za makampuni makubwa tangu mwaka 2020 zimepanda hadi dola 70. Hiyo 70, tuseme haki, inalipa mishahara ya mamia ya watu, siyo giga. Ila mle ndani ya Stardew kuna mzee anaitwa Linus, anaishi kwenye hema nje ya kijiji. Usiku mmoja unamkuta akipekua pipa la taka la jirani. Picha yake ni vinukta vichache tu vya rangi, maneno yake yanahesabika, na mimi nililala nikimwaza. Yule shujaa wa giga tisini hata jina lake nimelisahau.

Nayaandika haya kwetu sisi tunaojifunza kuandika, maana ugonjwa ni uleule. Tukikutana, swali la kwanza ni "umefika ukurasa wa ngapi?" Mimi nilikuwa najitapa: mia tatu na arobaini, bwana! Juzi nikatazama faili yenyewe kwenye kompyuta. Riwaya yangu yote, jasho la miaka miwili, haifiki megabaiti moja. Picha moja ya simu inaishinda. Nikacheka, kisha nikafungua sura ya saba. Kurasa arobaini za safari ya basi, Dar mpaka Moshi, na shujaa wangu hafanyi kitu ila kutazama dirishani. Majani ya miti, mishipa na yote!

Nimekata, zimebaki kumi na moja. Dada yangu kazisoma, akaniuliza yule konda aliyekuwa akiimba ameenda wapi. Nimemrudisha konda. Sasa ni kurasa kumi na mbili.