Kisanduku Kilichokatiwa Tamaa na Kiwanda

Mwaka 2013 kampuni ya Netgear ya Marekani ilitoa mfumo mpya wa visanduku vyake vya kuhifadhia mafaili, vile vya ReadyNAS, ikauita OS 6. Wenye visanduku vya zamani, hata vile vyenye prosesa za Intel zilizokuwa na nguvu ya kutosha, walitakiwa wabaki na mfumo wao wa RAIDiator, ambao kwenye vile vya Intel ulikuwa toleo la 4.2. Baadaye zikapatikana faili mbili: ya kwanza ya kukiandaa kisanduku cha zamani, ya pili ya kukipandisha kwenye mfumo mpya. Hazikuwa na dhamana yoyote. Ukizitumia ukaharibikiwa, shauri yako.

Nataka kuusifu ufundi wa kuzitumia faili hizo, na ule unaofanana nao, kwa sababu naamini ni miongoni mwa kazi zenye heshima kubwa ambazo fundi wa leo anaweza kuzifanya. Na kwa sababu sisi wa Pemba tunauhitaji.

Kwa asiyewahi kukiona, kisanduku chenyewe ni cha chuma, kina nafasi za diski mbili, nne au sita, na kinaungwa kwa waya kwenye rauta ili kompyuta zote za ofisi au za nyumba ziweke mafaili humo. Diski moja ikifa, zilizobaki zinaziba pengo lake. Ndiyo maana watu hutia humo vitu wasivyotaka vipotee: video za harusi, matokeo ya skuli ya miaka mingi, hesabu za duka, vipindi vya redio ya jamii, sauti za wazee waliorekodiwa wakielezea mambo ya zamani. Visanduku hivi hutufikia vikiwa vimeshatumika. Vingine huachwa na miradi iliyofunga ofisi, vingine huja na mtumba kutoka Dubai au Ulaya, vikashushwa Malindi, Unguja, halafu vikavushwa kwa meli mpaka Mkoani au Wete.

Asidhani mtu kwamba mafaili ya kisiwani ni madogo. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri inafanya kazi tangu mwaka 2000. Utafiti mmoja mkubwa uliofanyika Pemba, wa kuwapa watoto vidonge vya madini ya chuma, uliandikisha watoto 24,076. Agosti 2003 vidonge hivyo vilisimamishwa baada ya kuonekana kwamba waliopewa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2006, na dunia ikabadilisha ushauri wake kuhusu kugawa madini ya chuma katika nchi zenye malaria. Rekodi za watoto wa vijijini kwetu ndizo zilizofanya hivyo. Anayekwambia kwamba kutunza mafaili ni kazi ya karani tu, mkumbushe hilo.

Sasa tatizo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia SMB1, lugha ya zamani ambayo kompyuta za Windows zilikuwa zikitumia kuzungumza na visanduku vya aina hii. Toleo la Windows 10 lililotoka Oktoba mwaka huohuo likaanza kusakinishwa bila lugha hiyo. Microsoft walifanya jambo la haki. Lakini mtu aliyenunua kompyuta mpya alirudi nayo nyumbani, akaiwasha, na kisanduku chake hakionekani. Diski zinazunguka, taa zinawaka, feni inavuma, na kompyuta inasema hakuna kitu. Mwenyewe anakuja kwa fundi na habari ya msiba: "Limekufa."

Halijafa. Mfumo wake tu ndio uliobaki nyuma, na mfumo unabadilishwa.

Hapo ndipo ufundi unapoanza, nao huanza kwa kusoma. Jina lililoandikwa kwenye bamba la mbele halitoshi. Kisanduku kiitwacho ReadyNAS NV+ cha mwanzo kina prosesa ya aina ya SPARC. OS 6 haiwezi kukaa humo kabisa. Kilichofuata kwa jina hilohilo, NV+ v2, kina prosesa ya ARM kutoka Marvell na kumbukumbu ya megabaiti 256, nacho hakifai kwa njia hii. Lakini ReadyNAS Pro ya diski sita ina prosesa ya Intel ya Pentium E2160, yenye viini viwili, na gigabaiti moja ya kumbukumbu aina ya DDR2, ileile iliyokuwa kwenye kompyuta za mezani za wakati huo. Unafungua kompyuta mbovu iliyotupwa stoo, unatoa vipande vya kumbukumbu, unasugua meno yake kwa ufutio mpaka kutu ya hewa ya chumvi itoke, unavichomeka. Wako waliokwenda mbali zaidi wakang'oa hata prosesa wakaweka Core 2 Duo. Kisanduku ambacho kiwanda kimeshakiaga kinaondoka mezani kikiwa na nguvu kuliko siku kilipotoka kiwandani.

Mimi humpima fundi kwa visanduku anavyovikataa. Anayesema "hiki hakiwezekani, tafuta kingine" baada ya kukifungua na kukisoma, huyo anaijua kazi. Kukataa bila kufungua ni uvivu, na kukubali kila kinacholetwa ni hatari kwa mali za watu.

Kwa sababu kuna jambo ambalo ni lazima lisemwe mapema kwa sauti: kukipandisha kisanduku kutoka RAIDiator 4.2 kwenda OS 6 kunafuta diski zote. Kila kitu. Mfumo wa zamani hupanga mafaili kwa Ext4 na mpya kwa Btrfs, na diski hupangwa upya tangu mwanzo. Mzee mmoja mpiga picha alinishika mkono kabla sijagusa bisibisi: "Mwanangu, humo mna sauti ya marehemu baba yangu. Usinifute mpaka uniambie umeshaiweka pengine." Nikamwambia, "Sawa, mzee wangu, nitakuwekea na utaisikiliza mwenyewe kwanza." Ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa siku nzima, pengine mbili, fundi hapandishi mfumo wowote. Ananakili. Kila faili inapigiwa hesabu yake kabla ya kuhamishwa na baada ya kuhamishwa, na namba zote mbili zinalinganishwa. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, faili hiyo inarudiwa. Halafu diski zenyewe zinahojiwa. Kila diski huweka kumbukumbu ya sehemu zake zilizoharibika na kuhamishwa, na hesabu hiyo ikiwa inapanda, diski hiyo haipewi tena kazi ya kubeba kitu cha mtu.

Naiona kazi hii kuwa ya amana kabla ya kuwa ya teknolojia. Kisanduku chenyewe thamani yake ni ndogo. Kilichomo humo hakiuzwi dukani.

Ufundi huu unafanana na wa kalafati. Jahazi likianza kuvuja, fundi halihukumu kwa umri wake. Hulivuta pwani, akagonga ubao mmoja mmoja, akasikiliza upi umeoza na upi bado mzima, akang'oa pamba ya zamani kwenye nyufa, akatia mpya, ndipo likarudi majini. Aliyelijenga huenda alikwisha kufa zamani, na hakuna anayesubiri ruhusa yake.

Baada ya kunakili, kazi yenyewe ni fupi. Faili ya kwanza inapakiwa kupitia ukurasa uleule ambao kisanduku hutumia kupokea masasisho yake ya kawaida. Kinajizima na kuwaka. Faili ya pili inafuata, kinajizima tena, na safari hii kinarudi na mfumo mpya, kikianza kupanga diski upya chenyewe. Unachotakiwa kufanya ni kutulia, usiguse kitu, usichomoe waya.

Na umeme usikatike. Zamani Pemba ilitegemea jenereta za dizeli za Wesha. Mwaka 2010, kwa msaada wa Norway, tuliungwa na gridi ya Taifa kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Waya ule ulibadilisha maisha ya kisiwa, lakini umeme hata leo unaweza kupepesa wakati wowote, na mfumo ukiandikwa nusu kwenye kumbukumbu ya ndani ya kisanduku, kisanduku hakiwaki tena mpaka kifufuliwe kwa flashi iliyoandaliwa maalumu. Kwa hiyo fundi makini hakubali kuanza bila UPS yenye betri iliyojaribiwa, na ile flashi ya kufufulia huwa tayari mezani kabla haijahitajika. Hilo la flashi nalisisitiza kwa vijana. Kuiandaa baada ya ajali, kwa pupa, huku mwenye mali amekukalia mbele, ndiyo njia ya kuongeza ajali ya pili.

Kisanduku kikiwaka upya, faida zinaonekana siku hiyohiyo. Kompyuta mpya zinakiona, maana sasa kinazungumza SMB ya kisasa. Mipaka ya zamani, ya kwamba eneo moja la kuhifadhi lisizidi terabaiti 16 wala lisikue zaidi ya terabaiti 8 juu ya ukubwa lililoanza nao, imeondoka. Na Btrfs ina uwezo wa kuhifadhi hali ya mafaili ilivyokuwa jana au wiki iliyopita, kiasi kwamba mtoto akifuta folda ya picha za harusi, zinarudishwa.

Ufundi huu haukuanza na Netgear. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys, baada ya kushinikizwa, ilitoa msimbo wa rauta yake ya WRT54G, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na Linux na leseni ya Linux hudai hivyo. Mwaka uliofuata mradi wa OpenWrt ukazaliwa kutokana na msimbo huo, na mpaka leo unafufua rauta ambazo wenyewe wamezisahau. Linksys haohao walitoa kidude kidogo cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao, NSLU2, chenye megabaiti 32 tu za kumbukumbu. Watu walikifungua wakakuta prosesa yake imefungwa iende nusu ya kasi. Waling'oa kizuizi kimoja kidogo kwenye ubao, ikaenda kasi yake kamili. Martin Michlmayr, aliyewahi kuuongoza mradi wa Debian, mfumo huria wa Linux, aliandika kwa uvumilivu namna ya kusakinisha Debian kwenye NSLU2 na visanduku vya QNAP. Maandishi kama hayo ni sadaka inayoendelea. Fundi wa Chake Chake na fundi wa Berlin wanasoma ukurasa mmoja.

Wapo wanaosema kifaa kisichopata masasisho kitupwe, kwa usalama. Hoja yao si ya kupuuzwa. Juni 2021 wenye visanduku vya My Book Live vya Western Digital, vilivyopata sasisho la mwisho mwaka 2015, waliamka na kukuta mafaili yao yamefutwa kwa amri iliyotumwa kutoka kwenye intaneti. Ilikuwa balaa kubwa. Lakini angalieni: My Book Live hiyohiyo inaweza kupokea OpenWrt, na inayokaa ndani ya nyumba bila mlango uliofunguliwa kwenye rauta haifikiwi kirahisi na mtu wa nje. Hatari ilikuwa kukiacha kisanduku na mfumo uliokufa, kikitazamana na dunia nzima. Kukitupa ni dawa moja. Kukipa mfumo ulio hai na kufunga milango ni dawa nyingine, na ndiyo ya mtu ambaye bei ya kisanduku kipya kwake ni mshahara wa miezi.

OS 6 nayo imefikia ukingoni, maana Netgear wameiacha biashara ya visanduku hivi. Tulivyovipandisha lazima tena vihamishwe, safari hii kwenda Debian tupu au OpenMediaVault iliyojengwa juu yake, mifumo isiyongoja ridhaa ya kiwanda kimoja. Kwenye ReadyNAS Pro kazi hiyo inadai kutafuta pini za skrini zilizofichwa kwenye ubao, kuziunga na waya, na kuingia kwenye mipangilio ya ndani ili kisanduku kikubali kuwaka kutoka kwenye flashi. Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji kinawafundisha vijana wa Pemba kazi za mikono. Ningependa kuona meza moja humo yenye visanduku vitatu vya mtumba, diski za kuharibu bila hofu, UPS moja na kebo ya pini za skrini, na somo la kwanza liwe kunakili na kulinganisha hesabu za mafaili, kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kugusa mfumo wenyewe.