Uokozi na Umiliki katika Born Free ya Joy Adamson

Makala haya yanachunguza suala la kimaadili ambalo wasomaji wengi wa Born Free (1960) hulipita upesi: je, anayemwokoa mnyama wa mwitu hujipatia haki ya kummiliki? Kitabu hiki, kilichofuatwa na Living Free (1961) na Forever Free (1962), kimezoeleka kusomwa kama kisa cha mapenzi baina ya binadamu na simba. Usomaji huo si wa makosa, ila haujakamilika.

Tukio linalozua kisa ni mauti. Mwaka wa 1956, George Adamson, mumewe mwandishi na afisa wa wanyamapori kaskazini mwa Kenya, alimpiga risasi simba jike aliyemvamia wakati wa msako wa simba mla watu. Baadaye ikabainika kwamba simba huyo alikuwa akiwalinda wanawe watatu. Mwokozi, basi, ndiye aliyesababisha uyatima. Wema unaosimuliwa ni fidia kwanza, hisani baadaye. Lakini msimulizi hakawii sana juu ya deni hilo. Aidha, wawili kati ya watoto hao walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, akabaki Elsa peke yake. Jina la kitabu humwelekeza msomaji kwa huyo mmoja na kumsahaulisha kwamba dada zake nao walizaliwa huru.

Usimulizi wa nafsi ya kwanza unauimarisha umiliki huu. Kila ishara ya Elsa hufasiriwa na Joy kuwa furaha, wivu au shukrani, na simba hana njia ya kuukanusha ufasiri huo. Naye Nuru, kijana wa bustanini aliyekabidhiwa malezi ya wana-simba, huonekana akitenda ila ni nadra kusikika. Ujuzi wake umo kitabuni. Mtazamo wake haumo.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kumweka Adamson katika kundi moja na wategaji. Yeye na mumewe walikataa kumfungia Elsa maisha, wakajitwika kazi ya kumfunza kuwinda. Jaribio la kwanza la kumwachilia lilishindikana alipougua. La pili, katika eneo la Meru, lilifaulu, na Elsa akazaa na simba wa mwituni. Hapa ndipo ukinzani mkuu wa kitabu unapojitokeza: kila Elsa anaporejea kambini, msimulizi hushangilia, ilhali kila marejeo ni dalili kwamba uhuru haujakamilika. Furaha ya mlezi ni dosari ya lengo lake mwenyewe.

Historia iliyofuata inaupa ukinzani huo uzito. Wengi wa simba waliotumiwa katika filamu ya mwaka wa 1966 waliishia katika bustani za wanyama. Waigizaji wakuu, Virginia McKenna na Bill Travers, walikuja kuwa wapinzani wa ufungaji wa wanyama, na mwaka wa 1984 walianzisha shirika la Zoo Check. Boy, mmoja wa simba wachache waliorejeshwa porini na George, alimuua mfanyakazi kambini Kora mwaka wa 1971, na George akalazimika kumpiga risasi. Mazoea baina ya simba na binadamu yalilipiwa na mtu ambaye jina lake halimo katika majalada ya vitabu.

Wahenga walisema kunguru hafugiki, wakasema pia tenda wema nenda zako. Methali ya kwanza huonyesha mpaka wa ufugaji. Ya pili huweka kipimo cha uokozi. Kipimo hicho kimo katika nusu yake ya mwisho, yaani kwenda. Adamson alitenda wema akajitahidi kwenda, lakini kila mara aligeuka kutazama nyuma. Thamani ya Born Free kwa mhakiki imo katika kugeuka huko, kwani kitabu kinaonyesha, pengine bila ya kukusudia, jinsi ilivyo vigumu kwa mwokozi kuukubali uhuru usiomhitaji.