Ushanga Hausemi Uongo

Masese ni mwalo wa wavuvi ulio nje kidogo ya mji wa Jinja, kando ya Ziwa Victoria. Mukene, yaani dagaa, huanikwa pale juani, na harufu yake humpokea mgeni kabla hajaona mtumbwi hata mmoja. Mtaani humo wanaishi watu wengi wenye asili ya Karamoja, ambao ukame, njaa na wizi wa mifugo viliwatoa kwao. Baadhi ya wanawake wao hutengeneza shanga za karatasi. Kazi hiyo nataka kuisifu.

Kalenda ya mwaka jana, gazeti kuukuu, bango la uchaguzi uliokwisha: vyote hukatwa vipande virefu vya pembetatu. Mama huanzia upande mpana, akaviringisha karatasi kwenye kijiti chembamba huku kidole gumba kikiilinda isiende kombo, mpaka ncha ishikwe kwa tone la gundi. Kijiti kikichomolewa, ushanga umezaliwa. Umebaki kutungwa, kupakwa vanishi na kukaushwa. Upana wa kipande huamua urefu wa ushanga, urefu wake huamua unene. Mengine yote yanatoka mkononi.

Na mkono una hasira zake. Ukikaza mno, karatasi huchanika. Ukiwa na pupa, ushanga hulegea na kiini chake kuchomoza nje. Mawazo yakiwa mbali, huenda upande. Nimemwona mama akiutazama ushanga uliopinda, akaufungua, akafuta gundi kwenye kitenge, akatulia kidogo, ndipo akaanza upya. Hakuilaumu karatasi, wala mtoto aliyekuwa akilia ubavuni pake.

Mwaka 1990 wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliandika makala kuhusu uwezo huu wa kuzitambua na kuziongoza hisia, wakauita akili ya hisia. Kitabu cha Daniel Goleman cha 1995 kikaueneza duniani. Nawaheshimu. Ila wengi tunaosoma habari hizo tunazitafuta hisia zetu mbali, kumbe zimo katika namna tunavyofunga mlango, tunavyomimina chai, tunavyopokea simu ya kwanza asubuhi. Shida ni kwamba chai iliyomiminwa kwa hasira bado hunyweka, kwa hiyo hatushtuki. Ushanga uliosokotwa kwa hasira haununuliki.

Kuviringisha karatasi hakuondoi hasira, wala hakupunguzi kodi ya nyumba. Lakini mtu anayekagua vidole vyake mchana kutwa huizoea hali yake, akaijua ingali changa, kabla haijafika mdomoni na kumwangukia mtoto. Kwangu mimi hayo ni malezi kamili, na yanastahili heshima tunayoyapa mafunzo ya darasani.

Wageni wengi hufika Jinja kutazama Nile ikitoka ziwani. Ukiwa mmoja wao, pita na Masese. Ukitajiwa bei ya mkufu, usivutane na mama, lipa.