Sauti Ikaayo Ukutani

Ukuta umesingiziwa mengi na wapenzi wa muziki. Vitabu vya mafundi wa sauti, na karatasi za maagizo zitiwazo ndani ya maboksi ya spika za dukani, aghalabu huonya kwamba spika isogezwe mbali nao, isimamishwe juu ya kigoda chake mbele ya chumba, kana kwamba ukuta ni jirani mwenye fitina asiyestahili kusikia mazungumzo ya watu. Maonyo hayo yana sababu, nami nitaieleza kwa insafu. Walakini nimeishi na spika za ukutani muda wa kutosha kuamini kwamba ukuta hauna hatia, na kwamba lawama ni ya sanduku lililoundwa pasi na kuulizwa litakaa wapi. Ninayoisifu hapa ni kazi ya fundi wa nyumbani aundaye spika kwa ajili ya ukuta wake mwenyewe, akiuhesabu ukuta huo kuwa sehemu ya chombo tangu mstari wa kwanza wa penseli.

Sauti nene na sauti nyembamba hazisafiri kwa tabia moja. Nyembamba hutoka mbele ya spika na kumwendea msikilizaji; nene, yaani besi, hulizunguka sanduku na kuenea pande zote. Ile iendayo nyuma huupiga ukuta, hurudi, na kukutana na ile iliyotangulia mbele. Na ikiwa safari yake ya kwenda na kurudi ni sawa na nusu ya urefu wa wimbi, hizo mbili hukutana kwa kupingana, moja ikiisukuma hewa ilhali nyingine inaivuta, na noti ya kadiri hiyo hufifia. Sauti huenda takriban mita 343 kwa sekunde. Ukiuweka uso wa spika sentimita 60 kutoka ukutani, pengo hilo litaangukia karibu na mitetemo 143 kwa sekunde, mahali penyewe ambapo sauti ya mwanamume na nyuzi nene za gitaa hukaa. Ukiusogeza uso huo hata ukawa sentimita 13 tu kutoka ukutani, pengo litapanda hadi karibu na mitetemo 660, ambako sauti imekwisha kuanza kuelekea mbele, na ile chache izungukayo nyuma haina nguvu ya kufuta kitu. Basi aliyeukaribia ukuta kabisa yu salama kuliko aliyesimama nusu ya njia.

Fauka ya hayo, besi ambayo ingalipotelea nyuma hurejeshwa chumbani, na nguvu yake masikioni huongezeka hata kufikia desibeli 6. Hapa ndipo ukuta ulipopatia jina baya. Fundi aliyeipima spika yake ikiwa juu ya kigoda huwa amekwisha kuzipunguza sauti za kati na za juu, kwa koili kubwa ndani ya krosova, yaani saketi iigawayo sauti nene na nyembamba, ili zilingane na besi iliyotawanyika; spika hiyo ikitundikwa ukutani, besi yake huvimba na kunguruma, na mwenye nyumba huulaumu ukuta. Aundaye kwa ajili ya ukuta haihitaji koili hiyo, na nguvu iliyokuwa ikitupwa bure humbakia kuwa muziki.

Chombo chenyewe hakikubadilika sana tangu mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, walipoieleza spika ya koili iendayo na kurudi katika nguvu ya sumaku huku ikikisukuma kiwambo cha karatasi. Kilichobadilika ni fikra za watu juu ya vitu vinavyokizunguka. Gilbert Briggs wa Yorkshire, Uingereza, mwasisi wa Wharfedale, aliwaandikia watu wa kawaida kitabu juu ya spika katika mwaka 1948, naye ndiye aliyemimina mchanga baina ya mbao mbili nyembamba ili uso wa sanduku utulie. Paul Klipsch wa mji wa Hope, Arkansas, alianza biashara yake mwaka 1946 kwa spika kubwa ya pembeni mwa chumba, ambayo tarumbeta yake ya besi haitimii mpaka iegemezwe konani, kwa kuwa kuta mbili za nyumba ndizo zinazoimalizia. Naye Roy Allison, katika mwaka 1974, alichapisha vipimo vya namna kuta na sakafu zinavyoongeza na kupunguza nguvu itokayo katika spika, kisha akaunda za kwake ambazo besi hukaa karibu kabisa na ukuta. Kwa hawa wawili wa mwisho nina mapenzi makubwa zaidi, maana hawakukikimbia chumba ambamo watu huishi.

Sanduku la ukutani sharti liwe jembamba, na hapo ndipo akili ya fundi inapobanwa na kunolewa. Tundu la kupumulia, ambalo spika nyingi za leo hulitegemea, mimi hulikataa: likiwa nyuma huzibwa na ukuta, na likiwa mbele huongeza besi mahali ambapo ukuta umekwisha kuiongeza. Lifaalo ni sanduku lililozibwa. Edgar Villchur, Mmarekani, alionyesha katika mwaka 1954, kwa spika yake iliyoitwa AR-1, kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku dogo ni springi adilifu kuliko kitambaa na mpira unaokishika kiwambo. Kisha Neville Thiele wa Australia, kwa makala yake ya 1961, na Richard Small aliyemfuata katika miaka ya 1970, waliipa kila spika namba zake, hata seremala mwenye kalamu na karatasi akaweza kujua besi itakavyokuwa kabla ya kuugusa msumeno.

Uzuri wa hesabu hiyo wastahili kuonwa kwa karibu. Chukua spika ya besi ya sentimita 16 ambayo ikiwa huru hutetema mara 50 kwa sekunde, ambayo ulaini wa mshiko wake ni sawa na ulaini wa lita 15 za hewa, na ambayo namba yake ya kujizuia, ile iandikwayo Qts, ni 0.5. Ifungie ndani ya lita 15 hizo hizo. Hewa itaongeza ukakamavu sawa na ule ilio nao spika yenyewe; ukakamavu ukiwa maradufu, mitetemo hupanda kwa kipeuo cha pili cha 2, kutoka 50 hadi 71, na ile namba ya kujizuia hupanda vivyo hivyo, kutoka 0.5 hadi 0.71. Hapo ndipo wengi wanapopatafuta, kwani chini yake besi huanza kupungua mapema, na juu yake huvimba kwanza ndipo ishuke. Nafasi ya ndani yenye kimo cha sentimita 60, upana wa 28 na kina cha 9 ina lita 15 na kidogo, na mwili wa spika hula sehemu ndogo tu, maadamu umechagua spika fupi ambayo sumaku yake haiugusi ubao wa nyuma. Namba hizi zikikubaliana, mtu hupata furaha ambayo sijui kuilinganisha na nyingine katika kazi za mikono: hewa, kitambaa, sumaku na mbao, vitu visivyojuana, vimesikilizana kabla havijakutana.

Useremala wake una shida yake. Sanduku jembamba lina nyuso pana kuliko sanduku la mraba lenye ujazo ule ule, na uso mpana hupenda kutetema wenyewe na kuimba wimbo wake juu ya wimbo wa mwimbaji. Kwa hiyo uso wa mbele ni plaiwudi ya milimita 18, wa nyuma ni ya milimita 12, na baina yake husimamishwa vipande vya mti vilivyogundiwa huku na huku, si katikati kamili bali kando kidogo, ili pande mbili za ubao zisilie kwa noti moja. Piga kwa konzi ya kidole kabla na baada ya kuvitia: kwanza ubao hujibu kwa mlio mrefu, kisha kwa mlio mfupi, mkavu, na mlio huo mfupi ndio unaotakiwa. Mninga niliutaka kwa ubavu tu, maana ubao mpana wa mti mzima hujipinda majira yabadilikapo. Mzee seremala aliyenirandia mbao hizo alizigeuzageuza mikononi, akaniuliza, "Kabati jembamba hivi, mwanangu, litatiwa nini?" Nikamjibu, "Hewa, Mzee, wala isitoke hata chembe." Hakuhitaji maelezo zaidi. Katika ujana wake alikuwa akikalafati majahazi, na mtu aliyezoea kuyazuia maji ya bahari hashindwi na pumzi ya sanduku. Viungo vyote alivipitia upya kwa gundi na vumbi la randa, akiviangalia dhidi ya mwanga wa dirisha.

Uthibitisho wake ni huu. Spika ikiwa imekwisha kufungwa mahali pake, kisukume kiwambo kwa ncha za vidole, pole, pande zote sawa, kisha uachie. Sanduku lililozibika barabara hukirudisha polepole. Penye mwanya, hata mdogo mno kwa jicho, huruka kurudi mara moja. Na tundu la spika likatwe kwa mshazari upande wa nyuma, kwa tupa na msasa, kwani ubao mnene ulioachwa na kingo zilizosimama huikaba hewa ya nyuma ya kiwambo, na sauti za kati hutoka kana kwamba mwimbaji amefunikwa leso.

Ndani ya kimo cha sentimita 60 wimbi la mitetemo kama 286 hupata makao na kurudi baina ya juu na chini. Dawa zake ni mbili: spika ya besi iwe karibu na nusu ya kimo, ambako msukumo wa wimbi hilo ni mdogo na haliamshwi, na sanduku lijazwe nyuzinyuzi za kuvunja mwendo wa hewa. Mimi hutia sufi, ile ile ya mito ya kulalia, iliyochambuliwa vizuri na kuzuiwa kwa wavu wa kitambaa isije ikaingia katika koili.

Krosova yataka subira zaidi. Spika ya ukutani haiwezi kugeuzwa uso imwelekee msikilizaji, hivyo sharti sauti yake ienee kwa upana. Na katika mitetemo 2500, ambapo wimbi lina urefu wa sentimita 14 hivi, kiwambo cha besi kinakaribia kulingana na wimbi lenyewe, na juu ya hapo huanza kuirusha sauti mbele tu. Kwa hiyo twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, na ipokee kabla. Siegfried Linkwitz, mhandisi wa Hewlett-Packard, alichapisha katika mwaka 1976 njia ya kupokezana ambayo kila upande huwa umeshuka desibeli 6 pale wanapokutana, na jumla yake mbele ya msikilizaji ikawa tambarare. Ndiyo njia niipendayo. Koili naizungusha mwenyewe, waya wa shaba wenye vanishi juu ya kigogo cha mti, mzunguko kando ya mzunguko, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukilaza, nikihesabu kwa sauti ili mtu asinisemeshe. Zikiwa mbili ndani ya sanduku moja, moja hulazwa na nyingine husimamishwa, kwani zikielekeana huambukizana nguvu za sumaku.

Kuta za nyumba kongwe za pwani yetu, za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa takriban nusu mita, ni neema kwa kazi hii: hazitetemi, wala hazimezi besi. Ila chokaa ya zamani humomonyoka, basi keekee na iende polepole, bila ya kugongagonga, na parafujo ziwe ndefu. Sanduku hutundikwa kwa mapapi mawili yaliyokatwa kwa mshazari, moja ukutani na moja mgongoni, yakiumana kwa uzito wenyewe. Twita iwe kimo cha masikio ya aliyeketi. Mwenye nyumba yenye vidaka vipana ana bahati kubwa zaidi. Spika ikizamishwa humo hata uso wake ukalingana na ukuta, lile pengo nililolieleza hutoweka kabisa, na studio za kurekodia zimezizamisha spika zao vivyo hivyo kwa miaka mingi.

Kwa kusikiliza, sina kipimo nikiaminicho kuliko taarabu ya Unguja, ya vyama kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905. Kanuni, ile ala ya nyuzi, huifichua twita kali upesi, maana kila uzi una ncha yake. Fidla zikiwa nyingi hudhihirisha kama krosova imeunganishwa au imeshonwa kwa uzi uonekanao. Na udi huonyesha besi ikiwa inakoma pale mpigaji anapoikomesha. Twita ikizidi, huongezwa rezista ya omu moja au mbili, na muziki ukarudiwa tangu mwanzo.

Mara kwa mara mtu huniomba vipimo vyangu, nami sivizuii, lakini kwanza namwuliza ukuta wake ni wa nini. Wa mbao au wa jasi hutetema na kupitisha besi upande wa pili; huyo namwambia atafute nguzo za ndani na kufunga humo, aweke vipande vya mpira baina ya sanduku na ukuta, na asitarajie desibeli 6 zote. Aliye karibu na kona atapewa besi kuliko aitakavyo. Namshauri azidishe kina kwa sentimita 2, sanduku lifikie lita 18 na nusu, na ile namba ya 0.71 itashuka hadi 0.67, besi ikalegea kwa adabu. Mwenye kabati la vitabu kando ya spika namwomba alisogeze. Baada ya hapo ndipo ninapompa karatasi, nami huwa nimeacha safu nzima tupu ubavuni mwa vipimo vyangu, ajaze vyake.