Phillip Omondi: Mfungaji Tunayemkumbuka, Kocha Tunayemsahau
Ukimtaja Phillip Omondi hapa Old Kampala, wazee hukurudisha mwaka 1978: mabao yake 3 katika Kombe la Mataifa ya Afrika, na Uganda kufika fainali mjini Accra, ilikofungwa 2-0 na Ghana. Kwamba baadaye aliifundisha KCC, klabu aliyoichezea, hutajwa kwa sentensi moja tu. Huo ni upungufu wa uhakiki wetu wa soka. Mchezaji hucheza, kocha huchezesha. Bao huandikwa kwa jina la mfungaji, ilhali kazi ya kocha huonekana katika miguu ya wengine. Omondi alifariki mwaka 1999, na uwanja wa Lugogo una jina lake. Anayetaka kumwandika kikamilifu awaulize aliowafundisha, wangali hai.